Fundi Rangi Mbele ya Minhaji

Mazungumzo ya kumleta fundi rangi nyumbani, iwe Tanga au Mombasa, huwa mafupi. Mwenye nyumba anaonyesha kuta. Fundi anapapasa plasta, anagonga palipofura kwa unyevu, anasema hapa patahitaji skimu na hapa msasa unatosha. Kisha inakuja kauli ambayo wote wawili huipokea kwa ahueni: "Wewe anza tu, fundi, tutaelewana." "Haina shida, bosi."

Kung'ang'ania bei, idadi ya mikono ya rangi na nani atanunua ndoo huonekana kukosa imani, hasa fundi akiwa ameletwa na shemeji au jirani. Lakini je, anayetaka yote yasemwe kabla brashi haijalowa anamvunjia mwenzake heshima, au anamtendea haki?

Wanazuoni wa Kiislamu walikutana na swali hili karne nyingi kabla ya rangi za kopo. Imamu Nawawi wa Sham, aliyefariki mwaka 1277, aliandika Minhaj al-Talibin, kitabu kikubwa cha fiqhi ya Kishafii, madhehebu ya Waislamu wengi wa mwambao. Katika mlango wa ijara, yaani mikataba ya kukodi na kuajiri, anawataja mnakili wa vitabu, mshonaji na tabibu anayetia watu wanja machoni. Wino, uzi na wanja vitoke kwa nani? Anatanguliza rai kwamba si juu ya fundi, kisha anakumbusha kuwa Imamu Rafii aliyemtangulia aliona sahihi zaidi kufuata ada ya mahali. Ada ikiyumba, sharti mambo yabainishwe, la sivyo ijara inabatilika. Mahali pa wino weka ndoo ya lita 20. Leo fundi mmoja hutaja bei ya ufundi mtupu, mwenzake wa mtaa wa pili hutaja bei pamoja na vifaa. Kama hiyo si ada iliyoyumba, ni nini?

Suala la ujira usiotajwa ni kali zaidi. Mtu amempa dobi nguo, au mshonaji kitambaa. Kazi imefanyika, malipo hayakutajwa. Rai anayoitanguliza Nawawi ni kwamba fundi hapati kitu, kwa kuwa hakuna aliyejifunga kumlipa. Wengine walisema anapata. Wengine wakasema anapata iwapo anajulikana kwa kazi hiyo, na Nawawi mwenyewe anadokeza kuwa rai hii huenda ikapendelewa. Ndiyo inayomfaa fundi rangi: hakuna anayeingia na ngazi na rola nyumbani kwa mtu kwa ajili ya matembezi. Hata hivyo kiasi chenyewe bado kitagombewa.

Na rangi ikiwa siyo? Kitabu hichohicho kina kesi ya mshonaji aliyeshona joho, mwenye kitambaa akadai aliagiza kanzu. Rai yenye nguvu ni kwamba mwenye kitambaa ndiye anayesadikiwa kwa kiapo chake. Mshonaji hana ujira, tena analipa thamani iliyopungua. Kwa kipimo hicho, fundi aliyesikia "krimu" akapaka manjano hana pa kushika. Ukimya unaopitishwa kama adabu humwumiza kwanza mwenye mfuko mwepesi. Kutaja bei mapema, basi, si dharau hata kidogo.

Fundi naye ana deni lake. Chumba cha mita 4 kwa 3, chenye kimo cha mita 3, kina mita za mraba 42 za ukuta. Ukiondoa mlango na dirisha hubaki kama 38. Lita moja ya rangi ya maji kwenye ukuta laini hufunika takriban mita za mraba 10 kwa mkono mmoja, kwa hiyo mikono miwili inataka lita saba na nusu hivi. Anayeweza kuongeza maji akabakiza lita tatu ni fundi, na ukuta utang'aa vilevile siku ya kukabidhi. Sahihi Muslim inasimulia Mtume (s.a.w.) alivyotia mkono katika rundo la nafaka sokoni akakuta chini kumelowa, akamkemea muuzaji kwa kuficha. Mkono wa pili wa rangi ni mahali pazuri mno pa kuficha.

Lakini je, mkishakubaliana yote yamekwisha? Papa Leo XIII, katika waraka wa Rerum Novarum wa mwaka 1891, alikataa. Alikubali kwamba mwajiri na mfanyakazi wapatane kwa hiari, ila juu ya mapatano aliweka haki ya maumbile: ujira usishindwe kumtunza mfanyakazi mwenye maisha ya kiasi. Anayekubali chini ya hapo kwa kubanwa na shida, kwa maneno ya Papa huyo, amedhulumiwa. Fundi ambaye hajapata kazi mwezi mzima atakubali bei yoyote, na mwenye nyumba analijua hilo anapoanza kubishana.

Nyuma ya fundi yuko saidia fundi, kijana anayekwangua rangi kuukuu na kuvuta vumbi lake. Malipo yake hupangwa na fundi, faraghani. Kumbukumbu la Torati, sura ya 24, inaamuru kibarua maskini, mwenyeji au mgeni, alipwe siku hiyohiyo kabla jua halijatua. Mwenye nyumba akimuuliza fundi kijana wake analipwa ngapi, na lini, ataambiwa hayo hayamhusu. Ni vigumu kuona yasimhusu vipi, maana kuta zinazokwanguliwa ni zake.