Kiasi na Kudumu Kwake

Katika mambo mengi ya dunia kupata hutukuzwa kuliko kuhifadhi. Mtu aliyejenga nyumba husifiwa siku ya kuhamia, lakini atengenezaye paa kila mwaka lisivuje hana wa kumsifu. Ndivyo ilivyo kwa mtu aliyekuwa mnene kupita kadiri, akajinyima, akatembea, akaupunguza mwili wake ratili nyingi. Siku nguo zake za zamani zinapompwaya, jamaa humzunguka na kumshangilia. Miaka mitatu baadaye, akiwa bado yu vile vile, hapana ashangiliaye. Na akirudi alikotoka, kila mmoja huwa na neno la kusema. Basi yafaa kuuliza: mtu huyo ana wajibu gani kwa hali aliyoipata kwa taabu? Na wenzake wana haki gani ya kumhukumu akishindwa kuihifadhi? Swali hili huzidi ugumu ikiwa mtu huyo ana tumbo lisilotulia, ambalo hukataa leo kile lilichokubali jana.

Hukumu ya wengi ni nyepesi. Husema kwamba aliyenenepa tena alikuwa mlafi, akajizuia kwa muda, kisha ulafi wake ukamrudia. Hukumu hii ingekuwa ya haki kama mwili ungekuwa gunia, ambalo likipunguzwa hukaa hivyo mpaka lijazwe tena. Lakini mwili si gunia. Mwaka 1994 Jeffrey Friedman na wenzake, katika Chuo Kikuu cha Rockefeller huko New York, waligundua leptini, homoni itokayo katika mafuta ya mwili na kuupasha ubongo habari za akiba iliyopo. Mafuta yakipungua, leptini hupungua pia, na ubongo huipokea habari hiyo kama habari ya njaa. Mwaka uliofuata, katika chuo kile kile, Leibel, Rosenbaum na Hirsch walionyesha kwamba watu waliopunguza sehemu moja katika kumi ya uzito wao hutumia nguvu kidogo kuliko ilivyotazamiwa kwa miili ya ukubwa ule. Mwaka 2016 zilitolewa habari za watu 14 wa Marekani ambao walikuwa wameshindana kupunguza unene mbele ya televisheni. Miaka 6 baada ya mashindano, wengi wao walikuwa wamerudisha sehemu kubwa ya uzito, na miili yao ilikuwa bado ikitumia takriban kalori 500 pungufu kwa siku kuliko ilivyotazamiwa. Kwa hiyo, watu wawili wenye uzito mmoja, mmoja aliyezaliwa na wembamba na mwingine aliyeutafuta, hawabebi mzigo mmoja. Wa pili huhitaji chakula kidogo zaidi, na huona njaa zaidi.

Wala njaa haiishii tumboni. Katika miaka ya 1944 na 1945, Ancel Keys wa Chuo Kikuu cha Minnesota aliwachunguza vijana 36 waliokataa kwa dhamiri kushika silaha, wakakubali kupunguziwa chakula kwa wiki 24 ili wataalamu wajue namna ya kuwasaidia watu walioteswa na njaa ya vita. Walipoteza yapata robo ya uzito wao. Watu hawa walikuwa wamekwisha kuonyesha uthabiti wa nia mbele ya taifa zima. Walakini waliota chakula usiku, wakakizungumza mchana, wakasoma vitabu vya mapishi kama wengine wasomavyo hadithi. Mlo uliporudi, wengine walikula wakashiba wasione kushiba. Ikiwa watu wa namna hiyo walitikiswa, ni jeuri kumwita mwingine mnyonge kwa kuwa ametikiswa na jambo lile lile.

Hapa mtu aweza kupinga. Aweza kusema: ikiwa mwili ndio ufanyao hayo, basi hapana wajibu uliobaki, kila mtu na ale apendavyo, maana mwisho ni ule ule. Pingamizi hili lina nguvu, lakini linachanganya mambo mawili. Uzito wa mzigo haufuti wajibu wa kuubeba. Hubadili tu kipimo cha sifa na lawama. Mkulima wa mlimani na mkulima wa bondeni wote wana wajibu wa kulima, lakini hapana mwenye akili awapimaye kwa idadi ya magunia peke yake. Tena mwisho si ule ule kwa wote. Tangu mwaka 1994 Rena Wing na James Hill, huko Marekani, wameandikisha watu waliopunguza angalau kilo 13.6 na kukaa hivyo kwa mwaka mmoja au zaidi, na idadi yao imepita 10,000. Hao walijiandikisha kwa hiari, kwa hiyo hawaonyeshi ni wangapi hushindwa. Lakini huonyesha kwamba jambo lenyewe lawezekana. Desturi zao hazina maajabu: wengi hufanya mazoezi yapata saa moja kwa siku, hasa kutembea; hujipima mara kwa mara; na hula kwa utaratibu mmoja siku za kazi na siku za mapumziko. Yamebainika pia kwamba aliyevuka miaka michache ya mwanzo ana tumaini kubwa zaidi la kuendelea.

Walakini kuna mtu ambaye hata mashauri hayo mema humtia taabuni. Huyu ndiye mwenye maradhi ya tumbo. Huambiwa ale kunde na maharage, kwa kuwa hushibisha bila kunenepesha. Akila, tumbo hujaa gesi na kumsokota usiku kucha. Huambiwa anywe maziwa. Wengi wa watu wazima duniani hawana tena uwezo kamili wa kuyayeyusha, naye ni mmoja wao. Huambiwa atie kitunguu na kitunguu saumu katika mboga badala ya mafuta; lakini wataalamu wa Chuo Kikuu cha Monash huko Australia wameonyesha kwamba vitu hivyo, pamoja na ngano na jamii ya kunde, vina sukari za namna fulani ambazo huwasumbua wenye utumbo mwepesi kuudhika. Tena haraka yenyewe ya kupungua yaweza kuzaa vijiwe katika mfuko wa nyongo. Hivyo chakula kimsaidiacho kulinda uzito humwumiza, na chakula kimpacho raha tumboni, kama wali mweupe, humrudisha taratibu alikotoka. Ana mabwana wawili, na amri zao hazipatani.

Aristotle alikwisha kuona neno lifaalo hapa. Alisema kwamba ikiwa mina 10 za chakula ni nyingi na mina 2 ni chache, haifuati kwamba mwalimu wa michezo atampa kila mtu mina 6; maana hizo ni chache kwa Milo, mpiga mieleka, na ni nyingi kwa mwanafunzi aanzaye. Kiasi, basi, si nambari iliyo katikati ya nambari mbili. Ni haki ya mtu fulani, katika mwili fulani, kwa wakati fulani. Na kukijua kwataka uangalifu wa kila siku. Kwa mwenye tumbo bovu kazi hii ni ya kujaribu kitu kimoja kimoja, kuandika kilichomdhuru, na kurudisha kilichoondolewa bila sababu. Anayemcheka kwa kubagua vyakula humcheka kwa kufanya lile ambalo wema wenyewe humtaka afanye.

Na iwapo mtu bado ana haraka ya kulaumu, na ayakumbuke mambo ya vidonda vya tumbo. Kwa miaka mingi ilisemwa kwamba vidonda hivyo hutokana na wasiwasi, hasira na tabia ya mtu. Mgonjwa aliambiwa atulie, kana kwamba maumivu yake yalikuwa matunda ya roho yake. Mwaka 1982 Barry Marshall na Robin Warren, huko Perth, waliotesha kijidudu kiitwacho Helicobacter pylori kilichotoka katika matumbo ya wagonjwa. Na mwaka 1984 Marshall alikinywa mwenyewe ili athibitishe madhara yake. Walipewa tuzo ya Nobel mwaka 2005. Leo yajulikana kwamba vidonda vingi hutokana na kijidudu hicho au na dawa za namna ya aspirini, na kwamba dawa zaweza kuviponya. Lawama walizotwishwa wagonjwa wa zamani hazikuwa na haki, wala hapana awezaye kuwarudishia heshima yao sasa. Kitanda usichokilalia, hujui kunguni wake.

Lakini adui wa kiasi si mwenye kulaumu tu. Mara nyingine ni mwenye kupenda. Luigi Cornaro, bwana mmoja wa Venice aliyekufa mwaka 1566, aliharibikiwa na tumbo kwa anasa kabla ya kufika makamo. Waganga walimwambia kwamba asipojizuia atakufa. Akajiwekea wakia 12 za chakula na wakia 14 za divai kwa siku, akapata afya, na mwaka 1558 akatoa kitabu cha kusifu maisha ya kiasi. Humo alisimulia jinsi jamaa zake, kwa kumhurumia uzee wake, walivyomsihi aongeze wakia 2 tu za kila kimoja. Aliongeza ili kuwaridhisha. Baada ya siku chache furaha yake iligeuka hamaki, kisha akashikwa na maumivu ya ubavu na homa iliyochukua zaidi ya mwezi. Alipona aliporudi katika kipimo chake.

Jaribu hili ni kubwa zaidi katika nchi za Afrika Mashariki, ambako chakula ni lugha ya mapenzi. Mgeni asiyekula huhuzunisha nyumba nzima. Mama aliyepika tangu alfajiri akiambiwa, "Mama, nimeshiba," husikia kwamba yeye mwenyewe amekataliwa. Tena kukonda kwenyewe hutiliwa shaka. Uganda, katika miaka ya 1980, UKIMWI uliitwa kwa jina la Kiingereza lenye maana ya wembamba. Na tangu hapo watu wengi wakimwona aliyepungua huulizana kwa sauti ya chini anaumwa nini. Basi mtu huyu afanye nini? Akila, aumie, asipokula, aumize?

Jibu la haki ni kwamba heshima ya mwenyeji haimo katika wingi wa kilicholiwa, bali katika kupokewa kwa ukarimu wake. Mgeni ana deni la shukrani, la kukaa pamoja na wenzake, la kuonja kisichomdhuru, na la kusema kweli mapema kabla chungu hakijateleka. Hana deni la kujiuguza. Na mwenyeji ambaye ameambiwa kweli, akashikilia bado, hapo hamkirimu tena mgeni. Anaikirimu sifa yake mwenyewe.

Hata hivyo mwenye kujizuia naye ana mitego yake. Wa kwanza ni kiburi: kuitazama sahani ya jirani kwa jicho la hakimu, na kumdharau atumiaye dawa. Dawa mpya za namna ya semaglutidi hupunguza njaa, ingawa zaweza kuleta kichefuchefu na kufunga choo. Na watu waliochunguzwa walipoziacha, katika muda wa mwaka mmoja walirudisha yapata theluthi mbili ya uzito waliokuwa wameupoteza. Jambo hili lathibitisha kwamba njaa yao ilikuwa ya mwili, si upungufu wa heshima. Na avaaye miwani haambiwi kwamba anaona kwa udanganyifu. Mtego wa pili ni hofu. Mtu aliyeumizwa na vyakula vingi aweza kuvikata kimoja baada ya kimoja hata abaki na vichache visivyotosha kumlisha, akaogopa karamu, akaogopa mizani, akawaogopa watu. Huyo amekivuka kiasi kwa upande wa pili, naye yampasa kutafuta msaada wa mganga kama yule aliyezidisha.

Kwa hiyo hukumu ya mwisho haiwezi kuandikwa na mizani. Mizani husema mwili una uzito gani. Haisemi uzito huo ulilindwa kwa taabu gani, wala kwa tumbo la namna gani. Mtu aliyepungua sana, akaongezeka kidogo, akatengeneza tena chakula chake kesho yake bila kujichukia na bila kudanganya, ameutimiza wajibu wake kama yule ambaye hakuongezeka hata kidogo, na huenda amefanya kazi kubwa zaidi. Wajibu wa wenzake ni mdogo kuliko wake, lakini hutimizwa mara chache: kumwuliza anachoweza kula, kumwekea hicho, na kuendelea na mazungumzo.