Mgonjwa wa Parkinson na Maji: Je, Tuna Haki ya Kumkataza?

Swali ninalolijadili katika insha hii lilizuka nyumbani kwetu Buyenzi, mjini Bujumbura, na mpaka leo halijatulia. Je, mtu mzima mwenye akili zake timamu, ambaye ugonjwa umemnyang'anya uwezo wa kuutawala mwili wake, anaweza kukatazwa na jamaa zake jambo linalomfaa kwa sababu tu jambo hilo linaweza kumuua? Mtu huyo kwetu ni mjomba wangu, kaka mkubwa wa mama. Jambo lenyewe ni kuingia majini.

Watu wengi wakisikia ugonjwa wa Parkinson hufikiria kutetemeka, lakini kutetemeka ndiko kudogo. Ndani kabisa ya ubongo kuna sehemu ndogo yenye chembe zinazotengeneza dopamini, kemikali inayosaidia mwili kuanza mwendo na kuuendeleza. Chembe hizo zinapokufa, misuli hukakamaa, hatua huwa fupi, sauti hushuka, uso hukosa tabasamu hata moyo ukiwa umefurahi. Mara nyingine miguu huganda mlangoni kana kwamba imepigiliwa misumari. Mjomba husimama hapo, anajua anataka kwenda wapi, na haendi. Dawa kuu, levodopa, humrudishia mwendo kwa saa chache, kisha humwacha tena.

Aliyeueleza ugonjwa huu kwanza kwa utaratibu ni James Parkinson, tabibu wa London, mwaka 1817. Kitabu chake kidogo kilitegemea watu 6 tu, na baadhi yao aliwakuta barabarani. Mmoja alimwona kwa mbali tu. Nimemfikiria sana yule wa kwa mbali. Ameingia katika historia ya tiba bila kuulizwa neno lolote. Naona kwamba na sisi nyumbani, kwa muda mrefu, tulimjadili mjomba kwa namna hiyo hiyo: tukimtazama kutoka upande wa pili wa ua.

Sasa maji. Mjomba alikuwa mvuvi Rumonge kabla ya kuhamia mjini. Alivua ndagala usiku wa giza kwa taa, na mikeke kwa ndoano, miaka zaidi ya 30. Mtaalamu mmoja wa viungo alipomwambia kwamba mazoezi ndani ya maji yanawasaidia wagonjwa kama yeye, alicheka kwa ile sauti yake iliyopungua, akasema, “Daktari, wewe umekuja kunieleza mimi habari za maji?” Lakini siku ile ile alimwomba mke wake amtafutie kaptula yake ya zamani.

Na mtaalamu alisema kweli. Mtu akisimama katika maji yanayofika kiunoni, miguu yake hubeba karibu nusu tu ya uzito wake. Yakifika kifuani, hubeba kama theluthi. Yule ambaye nchi kavu kila hatua kwake ni hatari ya kuvunja nyonga, humo ndani anaweza kuinua goti, kugeuka, kutembea kinyumenyume, kutupa mikono kwa upana. Akiyumba, maji humzuia asianguke haraka, na mwili hupata nafasi ya kujirekebisha. Wakati huo huo maji hupinga kila tendo, kwa hiyo misuli hufanya kazi bila kubebeshwa chuma. Yakiwa na joto la digrii 33 hivi, kama yalivyo mabwawa ya tiba, misuli iliyokakamaa hulegea. Mwaka 2023 watafiti walikusanya majaribio zaidi ya 150 kuhusu mazoezi na ugonjwa huu, yaliyohusisha watu karibu 8,000, wakaona kwamba mazoezi ya aina nyingi yanasaidia, ya majini yakiwemo, na kwamba tofauti kati ya aina moja na nyingine si kubwa. Neno hilo la mwisho ni muhimu kwa hoja yangu, nitalirudia.

Ugumu ni kwamba maji hayana sura mbili, moja ya dawa na nyingine ya hatari, ambazo tungeweza kuzitenganisha kama maganda na ndizi. Nguvu ile ile inayomwinua mjomba ndiyo inayomwondolea miguu sakafuni. Kule kupunguza uzito ndiko kunakomfanya mtu mwenye misuli mizito ashindwe kusimama tena akilala chali. Miguu ikiganda mlangoni, mtu anasimama tu. Ikiganda ndani ya kina, hakuna kusimama.

Baraza la nyumbani liligawanyika. Mke wa mjomba na binti yake mkubwa walikataa kabisa. Mama yangu aliwaunga mkono. Mjomba alisema maneno machache: “Ziwa halijaniua nikiwa peke yangu usiku. Litaniua nikiwa nanyi mchana?”

Nilipoanza kusoma falsafa nilidhani jibu lipo tayari kwa John Stuart Mill, katika kitabu chake juu ya uhuru cha mwaka 1859. Yeye anasema kwamba jamii ina haki ya kumzuia mtu mzima ili asiwadhuru wengine, lakini faida yake mwenyewe si sababu ya kutosha ya kumlazimisha. Anatoa na mfano wa mtu anayetaka kuvuka daraja bovu. Ukimwona, na hakuna nafasi ya kumwonya, unaweza kumkamata, kwa sababu hakutaka kuanguka mtoni. Lakini kama hatari si ya hakika, na amekwisha kuonywa, na si mtoto wala hana wazimu, basi uamuzi ni wake.

Mfano huo ni mzuri, na kwa siku kadhaa niliutumia nyumbani kama silaha. Shangazi yangu, ambaye hajasoma Mill, aliuvunja kwa swali moja: “Na akianguka mtoni, nani atarukia kumtoa?” Hapo ndipo nilipoona kwamba daraja la Mill halina watu wengine. Mvukaji wake hana mke anayemwosha, hana wajukuu, hana mpwa atakayejitupa majini nyuma yake bila kujua kuogelea. Kwetu mtu hazami peke yake. Katika ziwa Tanganyika si mara moja wala mbili tumesikia kwamba aliyekwenda kuokoa amezama pamoja na aliyekuwa akiokolewa. Kwa hiyo hata kwa kipimo cha Mill mwenyewe, kuingia kwa mjomba majini si jambo lake peke yake, maana kunaweza kuwadhuru wengine.

Lakini hoja ya shangazi nayo ikifuatwa mpaka mwisho inatufikisha pabaya. Kama mtu akikatazwa kila tendo ambalo likiharibika litatugharimu, basi mgonjwa hatabaki na tendo lolote. Kwenda chooni usiku kunaweza kuharibika. Kula samaki mwenye miiba, kwa mtu ambaye koo lake limeanza kuwa zito, kunaweza kuharibika. Nimewaona wazee ambao upendo wa jamaa zao umewaweka kitini tangu asubuhi hadi magharibi, na ugonjwa huu haupendi kitu kama kiti. Asiyetembea leo, kesho hatembei vizuri, keshokutwa hatembei. Kwa hiyo anayekataza anadhuru pia, ila madhara yake hayana mlio wala watu hawaji kuyatazama. Hili ndilo linalonifanya nisikubali kwamba kukataza ni kukaa upande wa usalama.

Kuna pia wale waliosema, na ndugu zangu vijana walikuwa humo, kwamba mjomba ni mvuvi, anayajua maji, hahitaji kulindwa. Hawa nao wamekosea, na ushahidi upo. Madaktari wa Zurich, Uswisi, waliandika habari za wagonjwa 9 wa Parkinson waliowekewa waya nyembamba ndani ya ubongo zinazopitisha umeme mdogo ili kutuliza dalili. Wote walikuwa waogeleaji wazuri kabla ya hapo. Baada ya upasuaji walitembea vizuri zaidi, lakini kuogelea kulikuwa kumepotea. Mmoja wao, kwa kujiamini, aliruka ziwani, na kama si jamaa yake kumtoa angekufa. Watatu kati yao walipozima mtambo, kuogelea kukarudi palepale. Mjomba hana waya kichwani, lakini funzo linamhusu: ujuzi wa zamani haukai mkononi kama pete. Mtu anaweza kukumbuka kila kitu kuhusu maji na mwili wake ukawa umesahau, na kibaya zaidi, hawezi kujua kwamba umesahau mpaka awe ndani.

Basi nilianza kuliona swali lenyewe kuwa limeulizwa vibaya. Tulikuwa tunauliza, “Aruhusiwe au asiruhusiwe?” Swali la namna hiyo linatupendelea sisi wenye afya, kwa kuwa jibu lolote kati ya hayo mawili halitugharimu chochote. Tukisema ndiyo, anakwenda mwenyewe. Tukisema hapana, anakaa mwenyewe. Swali linalogharimu ni hili: nani atasimama naye ndani ya maji? Hatari kubwa za mjomba zinapungua sana akiwa na watu wawili wenye nguvu, mmoja kila upande, katika maji yasiyozidi kifua, saa moja hivi baada ya kumeza dawa wakati mwili umefunguka. Tunajua hayo yote. Kinachokosekana si elimu, ni asubuhi za Jumamosi za vijana wawili. Ninashuku kwamba katika nyumba nyingi “usiende, ni hatari” maana yake halisi ni “sina nafasi ya kwenda nawe,” na neno la kwanza linasemwa kwa sababu lina heshima zaidi.

Ile habari kwamba aina za mazoezi hazitofautiani sana iliniletea pingamizi lililo bora kuliko yote. Binamu yangu, ambaye ni mwalimu, aliniambia: “Kama kutembea uani kunasaidia karibu sawa na maji, kwa nini mchague lenye hatari?” Kwa tiba pekee amesema sawa. Lakini zoezi bora kwa mgonjwa ni lile atakalolifanya, na mjomba uani hafanyi. Anazunguka mwembe mara mbili, anasema amechoka, anakaa. Majini anadai aongezewe muda. Zaidi ya hapo, mwembe haujawahi kuwa kazi yake. Akiwa majini anawaelekeza wapwa zake namna ya kuweka mguu wakati wa wimbi, na wao wanamsikiliza. Hakuna mahali pengine siku hizi ambapo yeye anaelekeza na wengine wanatii.

Siwezi kuacha suala la haki, maana liko mlangoni. Mabwawa yenye maji ya moto, ngazi pana na winchi ya kumshusha mgonjwa yako Ulaya na Marekani. Katika nchi zetu Shirika la Afya Duniani limekwisha kusema kwamba hata levodopa yenyewe ni vigumu kuipata au haipatikani. Je, si anasa kuzungumza habari za bwawa wakati kidonge kimekosekana? Nadhani anayeuliza hivyo anachanganya mambo. Kidonge kinadaiwa serikalini na lazima kiendelee kudaiwa. Lakini maji tunayo, na vuguvugu kuliko mito mingi ya Ulaya. Tusichokuwa nacho ni mahali salama pembezoni mwake, maana ziwani kuna viboko na mamba, na mabwawa yaliyojengwa ni ya wenye pesa.

Hoteli moja mjini ilimrudisha mjomba getini. Mlinzi alimwona anayumba, akasema hawapokei walevi asubuhi. Mjomba, ambaye hajaonja pombe maisha yake yote, hakujibu, kwa kuwa anapokasirika sauti hukwama. Nilimkumbuka Muhammad Ali, yule aliyepigana Kinshasa mwaka 1974, jirani kabisa hapa. Mwaka 1984 aliambiwa ana ugonjwa huu huu, na mwaka 1996 aliwasha mwenge wa Olimpiki Atlanta huku mkono ukitetemeka mbele ya dunia nzima. Mtetemo ule ulipigiwa makofi. Wa mjomba ulifungiwa geti. Mkono ni ule ule. Watazamaji ndio waliotofautiana katika kile walichokuwa tayari kukiona.

Hatimaye tulipata bwawa dogo la taasisi moja, wanaotuachia Jumamosi saa 3 kwa malipo kidogo. Wanakwenda wawili pamoja naye, na mke wake hukaa ukingoni na taulo. Binti yake mkubwa bado hakubali, wala haji.

Limebaki jambo ambalo baraza halijalimaliza. Baadhi ya wagonjwa wa Parkinson, miaka ikipita, hupungukiwa kumbukumbu na uwezo wa kupima mambo. Hoja yangu yote inamtegemea mtu mwenye akili timamu. Siku timamu ikiondoka, nani aamue? Mjomba amependekeza mwenyewe. Amesema siku atakayoshindwa kututajia mitumbwi yake mitatu kwa majina, tusimpeleke tena hata akilia. Mimi naona hilo ni jibu la haki, kwa sababu ni yeye wa leo anayemwekea mpaka yeye wa kesho, na si sisi. Mke wake anaona sivyo. Anasema majina ya mitumbwi ndiyo yatakayokuwa ya mwisho kumtoka, baada ya hata jina lake yeye mke, na kwamba mvuvi mzee amechagua kipimo hicho akijua.