Sekunde 27

Wanangu mnaoshika usukani, nimewasikia. Nimewasikia kwenye steji ya Naivasha mkingoja abiria wajae, nimewasikia kwa fundi wa tairi, na nimewasikia hapa Kihoto jioni mkishatua. Likitajwa tu suala la kupunguza mwendo kwenye barabara za mashambani, sauti zinapanda. Mnasema magari ya siku hizi yana breki nzuri kuliko yale tuliyoendesha sisi. Mnasema trafiki wanatafutiwa njia nyingine ya kula. Mnasema mwenye gari anataka hesabu yake jioni na hana habari na kibao. Mkiishiwa na la kusema, mnaniambia: "Mzee, ajali haina kinga."

Sikuwajibu papo hapo, maana mtu mwenye haraka hasikii. Leo naomba mniazime masikio. Nimeendesha malori miaka mingi kati ya Mombasa na Malaba, kwa hivyo siyasemi haya kama mtu aliyeijua barabara kupitia dirisha la abiria. Nimechoka, ndiyo. Nimechoka kuchangia mazishi. Lakini sijachoka kiasi cha kuwanyamazia.

Nianze na hilo la kinga, kwa sababu ndilo linaloniuma zaidi. Usiku wa tarehe 10 Desemba 2016, hapo Karai, lori lililobeba kemikali ya kushika moto lilishindwa kudhibitiwa, likayagonga magari mengine, likalipuka. Watu wasiopungua 40 walikufa, na 11 kati yao walikuwa maafisa wa GSU. Kila dereva wa hapa akikumbuka usiku ule hutaja matuta, kwamba yaliwekwa vibaya na hayakuonekana. Sikatai. Tuta lisilo na rangi wala kibao ni mtego, na aliyeliweka hivyo ana lake la kujibu. Ila mimi nawauliza jambo mnaloliruka kila mara: lori linalofika kwenye tuta hilohilo kwa mwendo wa 50 hufanywa nini na tuta? Huruka kidogo, dereva akatukana, safari ikaendelea.

Mwaka mmoja baadaye, tarehe 31 Desemba 2017, basi na trela viligongana Migaa, karibu na Salgaa, watu 36 wakafa. Mteremko wa pale tuliujua sote. Tulijua wenzetu waliokuwa wakiushuka na gia huru ili kuokoa mafuta, wakiziachia breki kazi yote mpaka zinatoa moshi. Baadaye ukajengwa ukuta wa zege kuyatenganisha magari yanayopanda na yanayoshuka, na kule kugongana uso kwa uso kukapungua. Sasa niambieni, kama ajali haina kinga, ule ukuta ulikinga nini?

Halafu Londiani. Jioni ya tarehe 30 Juni 2023 trela liliwafagia wachuuzi, watu wa bodaboda na abiria waliokuwa makutanoni. Waliokufa walizidi 50. Nawaomba mkae na ajali hii kidogo, msiipite haraka. Mama aliyekuwa akiuza mboga pale hakupanda gari la mtu. Hakuchagua dereva, hakuuliza kama breki ni nzima, hakumwambia yeyote aongeze mwendo. Kila mnapotoa maoni yenu kuhusu mwendo, mnayatoa kutoka kwenye kiti cha dereva: gari langu linaweza, barabara naijua, macho yangu ni mazima. Sawa. Lakini kipimo cha mwendo hakiwekwi kwa ajili ya mtu aliye kwenye kiti hicho. Kinawekwa kwa ajili ya aliyesimama pembeni na kikapu. Hilo ndilo nimekuja kuwaambia, na mengine yote ninayosema yanalizunguka hilo.

Sheria yenyewe mnaijua. Matatu, mabasi na malori ni 80. Gari dogo ni 100 kwenye barabara isiyogawanywa katikati, 110 kwenye iliyogawanywa. Mjini na kwenye kila kituo cha biashara ni 50 kwa wote. Kwa hiyo sehemu kubwa ya tunachokiomba imeandikwa tayari. Tunachotaka sisi tunaoishi kando ya lami ni 50 hiyo ionekane kwa kibao pale Karagita, Kinungi, Kikopey na kwenye vituo vidogo visivyo hata na jina kwenye ramani, na mbele ya lango la shule ishuke hadi 30. Mwaka 2020 nchi nyingi zilikubaliana kule Stockholm juu ya 30 mahali ambapo magari na watu wa miguu wanachanganyika. Hatujabuni jambo geni.

Mnasema mtachelewa. Haya, tupige hesabu pamoja, kwa kuwa nyinyi ni watu wa hesabu. Chukueni kituo cha biashara chenye urefu wa kilomita moja. Ukikipita kwa 80 unatumia sekunde 45. Ukikipita kwa 50 unatumia sekunde 72. Tofauti ni sekunde 27. Ukivipita vituo 10 vya namna hiyo safari nzima, umepoteza chini ya dakika tano. Abiria mmoja mwenye mzigo wa viazi anayebishana na kondakta juu ya nauli hukumalizia dakika hizo kabla hujatoka stejini, na sijawahi kusikia mkimlaumu yeye kwa kuvuruga biashara.

Sasa geuzeni upande wa pili. Mtoto anaingia barabarani mita 28 mbele yako. Ukiwa kwenye 50, ile sekunde moja ya kushtuka na kupeleka mguu kwenye breki inakula mita 14, breki nzuri zinakula 14 nyingine, unasimama. Moyo unakwenda mbio, mtoto analia, basi. Ukiwa kwenye 80, sekunde hiyohiyo inakula mita 22 kabla breki haijashika chochote. Ukifika pale alipo mtoto, gari lako bado liko kwenye 70 na kitu. Hapo nimekupa tairi mpya, lami kavu na gari tupu. Nani kati yenu ana hivyo vyote vitatu siku ya soko?

Mnaodhani nazungumzia barabara kuu peke yake, njooni siku moja barabara ya Moi South Lake saa wafanyakazi wa maua wanapotoka. Simameni tu Karagita mtazame. Mabasi ya mashamba yanashusha watu upande mmoja na nyumba ziko upande wa pili. Wanavuka kwa makundi, wengine bado na magambuti, wasichana wameshikana mikono, simu zinawaka. Kingo za lami zimemegwa na mvua, kwa hiyo mwendesha baiskeli anayetaka kulipisha gari hana pa kukanyagia. Anashuka kwenye shimo au anabaki kwenye lami. Mmasai anapitisha ng'ombe kuelekea maji. Giza likizidi viboko nao wanatoka ziwani kutafuta majani, na kiboko haogopi honi. Katikati ya hayo yote inakuja Probox imebeba watu tisa, taa moja, inaipita matatu ambayo nayo inaipita bodaboda. Nimesimama hapo mara nyingi na sijui kwa nini hawafi wengi zaidi ya wanaokufa.

Ziwa lilipofurika mwaka 2025 na majirani zetu wa Kihoto wakahamishwa kwa mashua, familia nyingi zilikwenda kupanga mbali na shule za watoto wao. Watoto hao wanatembea, na wanatembea kando ya barabara kwa sababu njia nyingine hakuna. Nchi nzima iko hivyo. Zaidi ya watu 4,000 hufa kila mwaka kwenye barabara za Kenya, na kundi kubwa kuliko yote ni la watu wa miguu.

La trafiki nitalisema bila kuwazunguka, maana mna haki. Wapo wanaojificha kichakani na kamera, pale mteremko unapoishia, wasitoke mpaka gari lipate kasi lenyewe. Kanuni za mwaka 2016 zinasema ukizidisha mwendo kwa kilomita 6 hadi 10 faini ni shilingi 500, na ukizidisha kwa 16 hadi 20 ni shilingi 10,000. Kati ya 500 na 10,000 ndipo mazungumzo ya kando ya barabara yanapozaliwa, na nyote mnajua yanavyoishia. Hilo ni ovu na lipigwe vita. Lakini ovu la polisi halimfanyi mtoto wa Karagita awe mgumu zaidi akigongwa. Pia mnayo silaha moja ambayo hamjaitumia: askari hana cha kumuuzia dereva aliye kwenye 48.

Na kidhibiti mwendo je? Wengine wenu mlikuwa hamjazaliwa, au mlikuwa mgongoni, wakati marehemu John Michuki alipoleta kanuni zake. Februari 2004 magari mengi yalikosekana barabarani, watu wakatembea, wenye matatu wakaapa kwamba biashara imekufa. Haikufa. Mikanda ilifungwa, abiria wakakaa 14, kidhibiti kikawekwa kwenye 80, na tukaona safari ya Nakuru inawezekana bila kupiga magoti kuomba. Leo mkifungua chini ya dashibodi ya magari mengi mtakuta kile kisanduku bado kipo, kina stika yake safi ya kuonyesha mkaguzi, na waya wake umeunganishwa kando ili kisifanye kazi. Swichi yenyewe imefichwa chini ya zulia, karibu na kisigino cha dereva. Aliyeifunga analipwa kwa kazi hiyo, na gari likitoka gereji abiria wanaambiwa wafunge mikanda.

Najua ni nani anayewatuma kwa fundi huyo. Mwenye gari akisema hesabu ni kiasi fulani bila kujali mvua wala foleni, amekwisha kukuwekea mwendo wako kabla hujawasha injini. Ndiyo maana siwapigii kelele. Kijana mwenye mke na watoto wawili, anayejua kuna madereva watano wa skwadi wanaokitamani kiti chake, hana ujasiri mwingi wa kubishana. Hata hivyo, jambo moja lanitatiza, na linawahusu hasa mnaopeleka mizigo Arusha na Dar es Salaam. Mkivuka Namanga mnageuka watu wengine. Kule kila kijiji kina kibao cha 50, kuna askari na tochi ya kupima mwendo, faini ni shilingi zao 30,000, na nyinyi mnapunguza. Mnapunguza kijiji baada ya kijiji, kutwa nzima, mnaonyana kwa taa. Mzigo unafika. Tajiri wenu hawafukuzi. Mkirudi Kenya, mara tu mpaka unapobaki nyuma, mguu unakuwa mzito tena, nanyi mnaniambia haiwezekani. Kwa nini mtoto wa Longido astahili 50 na wa Kinungi asistahili?

Msidhani ukaidi huu ni wetu peke yetu. Mwezi Julai 2018 Ufaransa ilishusha mwendo kwenye barabara zake za mashambani kutoka 90 hadi 80. Madereva waliwaka. Walisema wakubwa wa Paris hawajui maisha ya shamba, kamera zikaharibiwa nchi nzima, na kufikia 2020 serikali ikaruhusu baadhi ya wilaya zirudi kwenye 90. Wataalamu walipopima matokeo waliona kwamba zaidi ya watu 300 walinusurika katika miezi 20 ya kwanza, na kwamba muda wa safari uliongezeka kwa karibu sekunde moja tu kwa kila kilomita. Ile hasira ilikuwa ya sekunde moja. Nilipoyasoma hayo nilisikitika, kwa sababu niliyatambua maneno yao neno kwa neno.

Mwishoni mwa 2025 upanuzi wa barabara kutoka Rironi hadi Mau Summit ulizinduliwa, na mnaufurahia. Nami naufurahia, foleni ya Krismasi imetutesa vya kutosha. Lakini lami ikipanuka mwendo hupanda wenyewe, na anayevuka atakuwa na njia nyingi zaidi za kukimbia. Gari litakalotoka kwenye njia hiyo pana na kukata kona kuingia barabara ya ziwani litaingia na mwendo wake wote, kwa sababu mguu huchelewa kusahau. Ndiyo sababu nasema mipaka ya barabara ndogo ishushwe na iandikwe sasa, kabla barabara kubwa haijakamilika.

Kwa hivyo chifu akiitisha baraza juu ya barabara hii ya ziwani, njooni wenyewe. Msitume makanga aje kupiga kelele nyuma ya umati. Nyinyi ndio mnaojua kibao cha 50 kianzie wapi Karagita ili kionekane kabla ya kona, tuta lipi lina mtego na lipakwe rangi, na pembezoni wapi lami imemegeka kiasi cha kumsukuma mwendesha baiskeli katikati. Mhandisi wa barabara hapiti hapo usiku, nyinyi mnapita. Semeni mkiwa na sehemu kamili, atayaandika. Mje pia na wenye magari, hata wawili watatu. Nina swali moja kwao na nitaliuliza kwa adabu mbele ya watu: hiyo hesabu ya jioni wameikadiria kwa safari ngapi, na kila safari wameipa dakika ngapi.