Maziwa ya Alfajiri

Ndugu msomaji, ni wakati gani tuna haki ya kumwambia mtu kwamba ameshindwa kwa sababu hakujitahidi? Swali hili ninalo kwa miaka mingi, na kila nipitapo Mwanjelwa hunirudia, kwa kuwa ni pale lilipoanza.

Mwaka 1994 nilikuwa mwalimu wa bayolojia katika shule moja ya sekondari mjini Mbeya, na kwa kuwa nilikuwa kijana mwenye filimbi, nikakabidhiwa na michezo pia. Nilipanga chumba Mwanjelwa, karibu na soko, lile soko la zamani lililokuja kuungua mwaka 2006. Alfajiri za mwezi wa Julai huko ni baridi ya kweli. Ukifungua mlango unaiona pumzi yako mwenyewe. Wanafunzi wangu walikimbia mchakamchaka katika baridi hiyo, na mmoja wao, kijana wa kidato cha tatu ambaye mama yake aliuza mchele na dagaa pale sokoni, alikimbia mita 5000 kana kwamba ardhi ndiyo inayomsukuma. Watu walinisifu kwa kumfundisha. Sikumfundisha mimi, nilimkuta hivyo.

Siku ya mashindano ya shule za sekondari nilitaka kuwatendea vijana wangu mema. Nilinunua maziwa kwa fedha yangu, nikayachemsha mwenyewe, na saa kumi na mbili asubuhi kila mkimbiaji akapewa nusu lita, akiwa hajatia kitu tumboni. Yule kijana akasita. Akasema, "Mwalimu, mimi maziwa hayanipendi." Nikamjibu kwamba maziwa hayana ugomvi na mtu, anywe apate nguvu. Akanywa. Alikuwa mtoto mwenye adabu, na adabu ndiyo iliyomponza.

Mizunguko sita ya kwanza aliongoza. Wa saba akashika tumbo. Wa nane akatoka uwanjani, akakimbilia nyuma ya miti, na hakurudi. Jumatatu yake, mbele ya paredi ya shule nzima, nilimsimamisha. Nilimsimulia John Stephen Akhwari, Mtanzania mwenzetu, aliyeanguka katika marathoni ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968, akaumia goti, akafungwa bendeji na bado akamaliza, zaidi ya saa moja nyuma ya mshindi. "Yule goti limeumia akamaliza," nikasema, "wewe tumbo tu?" Shule ikacheka. Yeye alitazama viatu vyake.

Jioni mama yake alikuja chumbani kwangu. Nilimwamkia, akaitikia, akakataa kuketi. Aliniambia bila kupandisha sauti kwamba mwanawe tangu alipofikisha miaka saba au minane akinywa maziwa ya kuchemsha tumbo humchafuka, lakini mgando anakunywa bakuli zima na hadhuriki. "Ungeniuliza, mwalimu. Sokoni si mbali."

Msomaji, kinachonichoma ni kwamba sikuwa mjinga wa jambo hilo. Wiki mbili kabla nilikuwa nimewafundisha kidato cha pili vimeng'enya. Tulichukua maji ya wanga, tukatia mate, tukasubiri, tukadondoshea iodini. Wanga ulikuwa umemeng'enywa na rangi ya bluu-nyeusi haikutokea. Ubaoni niliandika kwamba kila kimeng'enya kina kazi yake moja, kwamba bila yeye chakula hupita tumboni kama mgeni asiyekaribishwa. Lakini somo lile lilikuwa la Kiingereza na la mtihani, na maziwa yalikuwa ya Kiswahili na ya sufuria. Sikuona kwamba ni jambo moja.

Maziwa yana sukari yake iitwayo laktosi. Utumbo mwembamba hauwezi kuifyonza hivi hivi mpaka kimeng'enya kiitwacho laktesi kiigawe vipande viwili. Mtoto mchanga anacho tele. Kwa watu wengi duniani, kama theluthi mbili ya watu wazima, hupungua baada ya kuachishwa ziwa, na huo si ugonjwa. Ndio mwendo wa kawaida wa wanyama wote wanyonyeshao. Sukari isiyogawanywa huteremka hadi utumbo mpana, huvuta maji, na bakteria wa huko huichachusha na kutoa gesi. Mpe mtu wa namna hiyo nusu lita asubuhi, kisha mwambie akimbie. Na mgando? Bakteria wanaougandisha wameshaila sehemu ya laktosi ile, na husaidia kuigawa iliyobaki. Yule mama hakulijua jina la kimeng'enya, lakini alijua kazi yake kuliko mimi niliyeliandika ubaoni.

Mwaka 2007 ulichapishwa utafiti ulioongozwa na Sarah Tishkoff, uliofanywa kwa watu 470 wa Tanzania, Kenya na Sudan. Walinyweshwa laktosi, wakapimwa sukari ya damu, na vinasaba vyao vikachunguzwa. Ikaonekana kwamba badiliko linalowawezesha wengi wa wafugaji wetu kunywa maziwa ukubwani si lile la watu wa Ulaya; lilizuka huku kwetu, katika muda wa miaka kama elfu saba iliyopita. Nilipoisoma habari hiyo niliwaza jinsi nilivyompima mtoto wa watu ujasiri wake kwa kitu kilichokwisha kuamuliwa na mababu na ng'ombe wao.

Na hata Akhwari nilimtumia vibaya. Marathoni ile walianza watu 75, wakamaliza 57. Akhwari alikuwa wa mwisho kati yao. Kumi na wanane waliacha njiani, na mmoja wao alikuwa Abebe Bikila wa Ethiopia, bingwa wa mwaka 1960 na wa 1964, ambaye mguu ulimshinda kabla hata ya nusu ya njia. Ni nani aliyepata kumwita Bikila mwoga? Mbio moja, siku moja, mmoja alimaliza na mwingine akaacha, nasi twawaheshimu wote wawili. Ningewasimulia wanafunzi wangu wote wawili, lakini mmoja tu ndiye aliyefaa kuwa fimbo.

Rafiki yangu mmoja, mwalimu pia, hunipinga. Husema nikiendelea hivi hakuna atakayelaumiwa: mvivu atasema ni vimeng'enya, mlevi atasema ni vimeng'enya, na mshindi naye tumnyang'anye kikombe kwa kuwa misuli hakujitengenezea. Sina jibu la kumnyamazisha. Kikombe siwezi kumnyang'anya mtu, maana alfajiri zile za baridi aliamka yeye, si kinasaba chake. Lakini sifa na lawama sizipimi tena kwa mizani moja. Nikimsifu mtu kimakosa, hasara ni ndogo, pengine hakuna. Nikimwaibisha kimakosa mbele ya watu mia nne, nimemchukulia kitu ambacho sijui pa kukinunua nimrudishie. Kwa hiyo kabla ya lawama nauliza mara nyingi zaidi, nikianza na mama zao.

Kijana yule hakukimbia tena. Nilimtaka radhi faraghani, jambo la kujikinga, kwa kuwa kumwaibisha nilimwaibisha hadharani. Alijibu, "Haina neno, mwalimu," kama wanavyojibu watoto.

Mwaka 2015 nilimkuta Mwanjelwa, mtu mzima, ana duka la vipuri vya pikipiki. "Shikamoo mwalimu!" Akanivuta mgahawani, akaniagizia chai ya maziwa, yeye akachukua ya rangi. Nikaona ndiyo nafasi yangu. Nikamweleza yote, laktesi, utafiti, Bikila, mambo niliyoyabeba miaka ishirini na moja. Alisikiliza huku akikoroga sukari. Kisha akasema, "Mwalimu, tumbo liliuma kweli. Lakini kulikuwa na yule mvulana wa nyuma yangu, nilisikia hatua zake zinakaribia. Mpaka leo sijui nilitoka kwa ajili ya tumbo au kwa ajili ya zile hatua."

Mhudumu akaleta chapati. Tukala.