Deni la Mahari kwa Bei ya Leo

Mume akifariki naye hajaimaliza mahari ya mkewe, deni hilo hutolewa kabla ya wosia na kabla mrithi yeyote hajapewa fungu lake. Hapo Waislamu hatugombani. Ugomvi huanza pale deni linapokuwa la shilingi na miaka imekuwa mingi. Je, dhima ya marehemu hutoka kwa idadi ile ile ya shilingi iliyoandikwa kwenye cheti, au kwa thamani iliyokuwa nayo idadi hiyo siku ya nikaha? Nimelibeba swali hili tangu mwaka 2023, lilipoingia nyumbani kwetu.

Shangazi yangu aliolewa Tanga mwaka 1984, akiwa mke wa pili. Mahari yake ilikuwa shilingi 3,000: 1,000 zikatolewa mbele ya mashahidi, 2,000 zikabaki deni. Cheti anacho mpaka leo, kimekunjwa mara nne, wino wa buluu umepauka lakini tarakimu zinasomeka vizuri. Mumewe hakuwa mtu mbaya. Alimlisha, alimvisha, alisomesha watoto, na kila shangazi alipoligusia deni lake alijibiwa kwa upole, "Lako lipo, halipotei." Alipofariki, watoto wa mke mkubwa walitimiza wajibu wao bila kusukumwa na mtu. Walimwendea shekhe, wakarudi na jibu, na eda ilipokwisha wakaja na noti moja ya shilingi 2,000, ile yenye picha ya simba. "Mama mdogo," mkubwa wao akasema, "hili ndilo deni la marehemu baba. Tunaomba umpe radhi." Shangazi akaipokea, akasema amemridhia.

Mimi nilikuwepo, na sikuridhika.

Mwaka 1984 kima cha chini cha mshahara kilipandishwa hadi shilingi 810 kwa mwezi. Kwa hiyo shilingi 2,000 zilikuwa karibu miezi miwili na nusu ya jasho la mtu mzima. Mwaka 2023 kima cha chini cha mtumishi wa serikali kilikuwa shilingi 370,000. Miezi miwili na nusu inapita laki tisa. Ukitaka kupima kwa dhahabu, shilingi 2,000 za 1984, kwa kiwango cha serikali cha dola, zilikuwa sawa na gramu zipatazo 11, ambazo mwaka 2023 thamani yake ilipita milioni moja na nusu. Kiwango kile cha serikali mtaani hakuna aliyekipata, kwa hiyo gramu zipunguze upendavyo. Lakini huwezi kuzipunguza mpaka zikafika kwenye kilo moja ya sembe, ambayo ndiyo iliyonunuliwa na ile noti ya simba.

Nina sababu nyingine ya kulishika jambo hili. Kwa miaka kadhaa nilikuwa mdadisi wa bei, nikizunguka soko la Mgandini na maduka ya mjini Tanga na karatasi yangu, bidhaa zile zile, kwa wauzaji wale wale, mwezi hadi mwezi. Kazi ile inakufundisha kutoiamini tarakimu iliyoandikwa kwenye kipande cha boksi. Mama muuza nyanya hapandishi bei ya fungu haraka, maana wateja wake wameshazoea mia tano. Anachofanya ni kupunguza. Fungu la nyanya tano linakuwa la nne, halafu nne ndogo, halafu tatu na moja iliyobonyea. Ukimuuliza bei atakuambia haijabadilika, naye hasemi uongo. Ndiyo maana nilitembea na mzani: fungu linawekwa juu, unaandika gramu, unapiga hesabu ya kilo, na hapo ndipo unaona kwamba bei imepanda kwa robo nzima wakati mia tano haijasogea. Maandazi ni hivyo hivyo. Mkate ni hivyo hivyo. Katika kazi yetu, kitu kikipungua na tarakimu ikabaki pale pale, huandikwa kuwa bei imepanda, na hakuna bosi atakayekubali uandike vinginevyo.

Mahari ya shangazi ilikuwa fungu la namna hiyo. Tarakimu ilibaki mia kwa mia, kilichokuwa ndani yake kikaliwa.

Kililiwa polepole, na hilo ndilo linalowapoteza watu. Ofisi ya Taifa ya Takwimu inapotangaza mfumuko wa kila mwezi na kusema umeshuka, wengi hudhani bei zimeshuka. Bei hazijashuka, zinapanda kwa mwendo mdogo zaidi kuliko mwezi uliotangulia. Wastani wa mwaka 2023 ulikuwa asilimia 3.8, na hiyo ni kasi ya nchi iliyotulia. Hata hivyo, kwa kasi hiyo hiyo bila kuzidi, bei huwa maradufu katika miaka kama 19, maana yake deni lolote la shilingi linabaki nusu kabla mtoto hajafika chuo. Na sisi hatukukaa kwenye asilimia 3.8. Desemba 2011 tulifika asilimia 19.8. Katika miaka ya 1980 kuna miaka tuliyopita asilimia 30. Deni la shangazi lilipita katika miaka yote hiyo likiwa limekaa kimya ndani ya sanduku.

Sasa nirudi kwa shekhe, maana sitaki aonekane kama mtu asiyejali. Jibu lake lina mizizi. Sisi wa pwani tumelelewa katika madhehebu ya Imamu Shafi, na humo anayekopa kitu chenye mfano hurejesha mfano wake: dirhamu kwa dirhamu, pishi kwa pishi, ipande bei au ishuke. Desemba 1988, Baraza la Fiqhi la Jumuiya ya nchi za Kiislamu lilikutana Kuwait, likalitazama suala hili likiwa na pesa za karatasi mbele yake, na likaamua hivyo hivyo: deni la sarafu fulani hulipwa kwa idadi, wala halifungwi kwenye kiwango cha bei. Waliokaa pale walikuwa wanavyuoni waliozijua pesa za karatasi na maradhi yake. Walichokiogopa ni riba, nami nakiogopa pia. Nikikukopesha laki moja leo, halafu mwakani nikakudai laki moja na elfu nne kwa hoja kwamba takwimu zimesema hivyo, nimefungua mlango ambao kila mla riba atapita akiwa na karatasi ya takwimu mkononi. Atakayeumia ni yule yule maskini aliyekopa ada ya shule. Hoja hii ni nzito, na asiyeipa uzito wake hajalielewa swali.

Lakini si wote waliosema kwa sauti moja. Abu Yusuf, mwanafunzi wa Abu Hanifa, alipoulizwa kuhusu fulusi, zile sarafu za shaba ambazo thamani yake ilipanda na kushuka, alishikilia kwamba anayedaiwa alipe thamani yake ya siku deni lilipoanza. Karne nyingi baadaye Ibn Abidin wa Damascus aliandika risala nzima kuhusu sarafu zinazobadilika thamani. Na kule Cairo, mwanzoni mwa karne ya 15, al-Maqrizi, ambaye aliwahi kuwa muhtasibu wa soko, yaani msimamizi wa vipimo na bei, aliandika kitabu juu ya njaa na ghali ya Misri akalaumu watawala waliowajaza watu fulusi za shaba mpaka dhahabu na fedha zikatoweka mikononi mwao. Nikimsoma al-Maqrizi namwona mtu wa kazi yangu. Alikuwa amezipima nyanya.

Dirhamu ilikuwa fedha yenyewe. Ikikaa sandukuni miaka 40, ukiifungua ni fedha ile ile. Shilingi ya karatasi mfano wake ni upi? Noti ya 1984 na noti ya 2023 zina jina moja na mtoaji mmoja, Benki Kuu ile ile iliyoanza kazi mwaka 1966. Mimi sioni zinavyofanana zaidi ya hapo.

Mtoto mkubwa wa marehemu, ambaye namheshimu, aliniuliza swali ambalo nadhani ndilo kiini cha yote. "Dada, kwani sisi ndio tuliopandisha bei?" Hawakupandisha. Hata baba yao hakupandisha. Bei zilipopanda Madina watu walimwendea Mtume, rehema na amani zimshukie, wakamwomba awapangie. Akakataa, akasema mwenye kupanga bei ni Mwenyezi Mungu, na kwamba anataraji kukutana na Mola wake bila mtu kumdai dhulma ya damu wala ya mali. Kupanda kwa bei peke yake, basi, si dhambi ya mtu mmoja. Nilikubali.

Nikamwonyesha nyumba. Marehemu alinunua kiwanja Makorora mwaka ule ule alioposa, akajenga kidogo kidogo. Pesa ambazo hakumpa shangazi ziliingia kwenye tofali, na tofali halikuliwa na mfumuko. Lilipanda pamoja na bei. Warithi walipokaa kugawana, waliita mtu wa kuthamini nyumba, naye akataja milioni za leo. Hakuna aliyesema nyumba ihesabiwe kwa bei ya 1984. Fungu la urithi la shangazi likatolewa kwenye milioni hizo, vizuri kabisa, na deni lake likatolewa kwenye tarakimu ya wino uliopauka. Kuna sura nzima katika Kurani inayoanza kwa onyo kwa wapunjao: wanaojipimia kamili wakati wa kupokea, na kupunguza wakati wa kuwapimia wengine. Wafasiri husema iliwahusu wenye pishi na mizani sokoni. Mimi nimeshika mizani sokoni, na siwezi kuisoma sura ile bila kuiona siku ya mirathi yetu, ambapo kulikuwa na mizani miwili, wa mwaka 2023 kwa kilichopokelewa na wa mwaka 1984 kwa kilicholipwa.

Tena mahari haiko sawa na mkopo wa biashara. Mkopeshaji alichagua kukopesha. Angeweza kununua ng'ombe. Bibi harusi wa miaka 19 hakuchagua. Deni halikuwekewa tarehe, muda ukawa mikononi mwa mume, na kila mwaka aliochelewa ulimpunguzia mzigo na kumwongezea mke hasara. Hofu ya riba ni hofu ya mwenye nguvu kumla mnyonge kwa kutumia muda. Katika deni la mahari anayeliwa na muda ni mdai.

Wairani walilitazama jambo hili wakatunga sheria. Mwaka 1997 waliongeza kifungu katika sheria yao ya madai: mahari iliyoandikwa kwa fedha ya nchi, inapolipwa, ihesabiwe kwa fahirisi ya bei inayotolewa na benki kuu yao, mwaka wa ndoa ukilinganishwa na mwaka wa kulipa. Wao ni Mashia na fiqhi yao ina njia zake, sidai tuwafuate. Ninachokiona ni kwamba nchi ya Kiislamu ilichukua karatasi ya takwimu, ile ile tunayoisikia redioni kila mwezi na kuipuuza, ikaifanya shahidi wa haki ya mwanamke.

Shahidi huyo ana mapungufu, nami niliyemtumikia nayajua. Kapu la taifa linalotumika sasa lina bidhaa na huduma 383, na mwaka wake wa kizio ni 2020. Chakula na vinywaji visivyo na kileo vimepewa uzito wa asilimia 28.2. Huo ni wastani wa nchi, na hakuna anayeishi kwenye wastani. Mjane wa Makorora hanunui tiketi ya ndege wala samani. Pesa yake inaishia kwenye unga, mafuta ya taa, dagaa, na dawa ya presha. Unga ukipanda na simu zikashuka, taifa linaweza kutangaza utulivu yeye akiwa analala na njaa. Na ukirudi hadi 1984 shahidi anazidi kubabaika, maana bei zilikuwa mbili: ya serikali, kwa aliyesimama foleni akabahatika, na ya ulanguzi nyuma ya duka. Mwaka mmoja kabla, Waziri Mkuu wa wakati ule, Edward Sokoine, alikuwa ameendesha msako wa wahujumu uchumi kwa sababu ya bei hiyo ya pili. Kwa hiyo tarakimu kamili ya deni la shangazi sitaipata. Naijua mipaka yake tu, na shilingi 2,000 iko nje ya mipaka hiyo kwa umbali mkubwa.

Sitamwambia shekhe avunje hukumu yake. Lakini Mtume mwenyewe alipodaiwa ngamia wa umri fulani na akakosekana wa umri huo, aliamuru mdai apewe aliye bora kuliko wake, akasema mbora wa watu ni yule anayelipa vizuri zaidi. Nyongeza isiyosharutishwa na mdai, inayotoka kwa mdaiwa kwa hiari yake, haijaitwa riba na mwanachuoni yeyote ninayemjua. Njia, basi, ilikuwepo, na ilikuwa ya sunna. Warithi wangelipa 2,000 kwa hukumu, kisha wakatoa laki kadhaa kwa ihsani kabla ya kugawa nyumba, na marehemu angelala salama.

Nawaomba mashekhe wanaofungisha ndoa: sehemu ya mahari inayobaki deni iandikwe kwa gramu za dhahabu, au iwekewe tarehe ya kulipwa. Nawaomba wasimamizi wa mirathi: yule mtu mnayemwita kuthamini nyumba, mpeni na cheti cha ndoa cha mjane athamini vyote kwa siku moja. Na nyinyi mlioa miaka ya themanini na tisini mkabakiza shilingi elfu kadhaa mnazodhani ni kidogo, pigeni hesabu ya kile ambacho zingenunua siku ile, mlipe kwa mikono yenu mwezi huu, naye mwenye haki yupo anawasikia.