Zip Haijui Nani Kalipa

Ndugu zangu waandika programu, ondoeni mikono kwenye kibodi mnisikilize! Mitiririko ya data haisubiriani. Mbofyo huja wakati wowote, jibu la seva huja likijisikia, na ujumbe wa malipo hukwama njiani kisha ukashuka na wenzake watatu kwa mpigo. Nanyi mnanyakua opereta ya kwanza mliyoikuta kwenye mafunzo, mnaifunga mitiririko pamoja kama mzigo wa kuni!

Dhambi hiyo niliitenda mimi. Programu ya tiketi za basi: mtiririko mmoja wa viti vilivyochaguliwa, mwingine wa malipo ya simu yaliyothibitishwa. Nikaiunganisha kwa zip. Nayo zip hushika wa kwanza huku na wa kwanza kule, wa pili na wa pili, meno kwa meno, wala haiulizi nani ni nani. Abiria wa kiti cha 14 alichagua mapema, akasahau namba ya siri. Wa kiti cha 15 akalipa upesi. Tiketi ya 14 ikatoka kwa pesa ya jirani, na aliyelipa akabaki anatazama kiduara kikizunguka. Hitilafu haikuandikwa popote! Majaribio yalikuwa yamepita yote, maana nilijaribu peke yangu. Malipo huoanishwa kwa namba ya muamala, jamani, si kwa foleni.

Tubuni! Wewe uliyetanguliza mibofyo ndani ya concat, mibofyo inaisha lini ili mtiririko unaofuata upate zamu? Nawe wa combineLatest, unalaumu skrini nyeupe, kumbe chanzo kimoja hakijasema neno na vingine vyote vinanyamazishwa kwa ajili yake. Kipe thamani ya kuanzia. Merge ni mkarimu, hupitisha kila ajaye, lakini chanzo kimoja kikianguka na hitilafu, mtiririko wote unakatika. Daka hitilafu kwenye kila chanzo kabla ya kuunganisha.

Tangu Netflix ilipoifikisha kwenye Java Rx, maktaba yenye opereta hizi iliyobuniwa na akina Erik Meijer huko Microsoft, mwaka 2013, zaidi ya miaka kumi imepita. Kisingizio cha ugeni kimekwisha.

Basi usiku huu, kabla hujalala, fungua msimbo wako, tafuta kila zip, uwaulize wawili waliomo: ninyi mnajuana?