Mstaafu akitaka kusoma, aende wapi?

HAPA nchini ni misemo michache inayotamkwa kwa wepesi kama ule usemao elimu haina mwisho. Mgeni rasmi huusema kwenye mahafali, mwalimu huusema darasani, mzazi humwambia mwanawe. Mwaka 1974 msemo huo ulifanywa hata jina la gazeti, Elimu Haina Mwisho, lililotolewa Mwanza kwa ajili ya wananchi wa Kanda ya Ziwa waliokuwa wametoka tu kujua kusoma. Miongoni mwao walikuwamo wananchi wa Mkoa wa Ziwa Magharibi, ambao leo tunauita Kagera.

Ninachotaka tujiulize ni hiki: je, tunausadiki msemo huo, au tunausema tu? Maana mtu akifikisha miaka 60 hapa Ngara au kule Biharamulo, akakabidhi ofisi na kurudi nyumbani, kisha akatamka kwamba sasa anataka kusoma, wa kwanza kumcheka ni sisi sisi. Tunamuuliza, “Mzee, utasoma ukaajiriwe wapi?”

Swali hilo linaonekana ni mzaha, lakini ndani yake mna itikadi nzima. Linatuambia kwamba elimu ni mtaji, na kwamba mtaji haupewi mtu ambaye hana muda wa kuuzalisha. Kwa hesabu hiyo mtoto anastahili darasa kwa sababu miaka 30 ijayo atalipa kodi, na mzee hastahili kwa sababu hana cha kulipa. Mimi nasema hesabu hiyo ni mbovu, na ubovu wake hauishii kwa wazee peke yao.

Tuanze na faida ya dhahiri. Mstaafu wa leo anaingia katika maisha yenye karatasi nyingi kuliko alizowahi kuziona kazini. Mwaka 2018 mifuko ya hifadhi ya jamii iliunganishwa, mwaka 2022 kikaja kikokotoo kipya cha mafao, na mwaka 2024 kiwango cha mkupuo kikabadilishwa tena. Ni wastaafu wangapi walioweza kukaa chini na kalamu wakahesabu wenyewe wanachostahili? Wengi waliuliza kwa watu, na waliowauliza nao walikuwa wamesikia kwa watu. Ongeza hapo hati ya shamba, maelezo ya dawa ya presha, mkopo wa simu, na ujumbe wa tapeli anayejua siku ambayo mafao yanaingia.

Na hao ndio wenye pensheni. Wazee walio wengi wa Rulenge, Kabanga, Nyakahura na Nyakanazi hawakuajiriwa na mtu yeyote. Wamelima kahawa, migomba na maharage, na mkulima hastaafu, jembe ndilo linalomstaafisha. Isitoshe, Kagera ndiko wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI hapa nchini walikotambuliwa, mwaka 1983, na maradhi hayo yaliwaachia mababu na mabibi wengi mkoani humu kazi ya kulea wajukuu. Bibi anayeletewa ripoti ya shule ya mjukuu wake naye ni mzazi, tena mzazi kwa mara ya pili. Nani atamwambia kwamba hana haja ya kujua kusoma?

Lakini sitaki hoja yangu isimame juu ya faida tu, kwani nitakuwa nimerudi kwenye hesabu ile ile ya mtaji. Kuna jambo zito zaidi. Mtu asiyeweza kujisomea analazimika kumwamini kila anayemsomea. Kuamini ni jambo jema pale mtu anapochagua kuamini. Anapokuwa hana njia nyingine, hapo si uaminifu tena, ni unyonge.

Jirani zetu wa Kenya walilishuhudia hili. Januari 2004, baada ya serikali yao kufuta ada ya shule za msingi mwaka uliotangulia, mzee Kimani Ng’ang’a Maruge aliingia darasa la kwanza katika shule ya Kapkenduiywo mjini Eldoret akiwa na miaka 84. Hakutafuta kazi. Alieleza kwamba anataka kuisoma Biblia kwa macho yake mwenyewe, maana alikuwa na shaka na yale aliyokuwa akihubiriwa, na anataka kujua kuhesabu fedha zake. Septemba 2005 alikwenda New York kuzungumza Umoja wa Mataifa juu ya elimu ya bure. Alifariki Agosti 2009. Je, miaka mitano ile ilipotea bure kwa kuwa hakuajiriwa? Anayejibu ndiyo atuambie pia elimu yake yeye itakuwa na thamani gani siku atakapostaafu.

Kwetu sisi Waislamu jambo hili lisingepaswa kuwa geni. Ile kauli ya kutafuta elimu tangu susuni hadi kaburini, ambayo wengi huitaja kama hadithi, wanazuoni wameeleza kwamba haikuthibiti kuwa ni maneno ya Mtume. Hata hivyo maana yake ni sahihi, kwani Masahaba wengi walianza kusoma dini yao wakiwa tayari watu wazima. Hadi leo, katika darsa ya baada ya Magharibi, mzee mwenye mvi huketi pembeni ya kijana wa sekondari na hakuna anayemuuliza ataajiriwa wapi. Cha kushangaza ni kwamba tukitoka nje ya mlango wa msikiti tunaliuliza swali lile lile.

Naam, yupo atakayesema: madarasa yamejaa, tangu elimu bila ada ianze mwaka 2016 watoto wamekuwa wengi mno, iweje tuwagawie wazee kile ambacho watoto hawakitoshelezi? Hoja hii ni ya haki na inastahili jibu. Jibu langu ni kwamba mzee hahitaji dawati la mtoto. Dawati hilo jioni liko tupu, na kilichobaki ni taa, chaki na mtu wa kufundisha.

Mtu huyo naye yupo. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, serikali ilipotaka kila mtoto aingie shule, vijana wengi waliomaliza darasa la saba walifanywa walimu. Walifundisha huku wakijifunza kazi hiyo kwa masomo ya posta na vipindi vya redio. Leo wamestaafu na wamo vijijini mwetu. Wanajua kufundisha, na wanajua pia namna ya kusoma pasipo chuo, maana ndivyo walivyosoma wenyewe.

Wala si jambo la kubuni. Kanda yetu ya Ziwa ndiyo iliyofanyiwa majaribio ya kisomo chenye manufaa kwa msaada wa UNESCO kuanzia mwaka 1968. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio na kujadiliana. Ngara ina Radio Kwizera, iliyoanzishwa mwaka 1995 wakati wa wakimbizi. Uingereza nako, tangu miaka ya 1980, wastaafu wana vikundi wanavyoviita vyuo vikuu vya umri wa tatu, ambamo wanachama hufundishana wenyewe kwa mchango mdogo, bila mitihani wala vyeti. Chuo Kikuu Huria chetu kimekuwapo tangu mwaka 1993 na kina kituo Bukoba, lakini kwa mstaafu wa Rusumo nauli ya kwenda na kurudi ni ada nyingine.

Hata hivyo tusidanganyane kwamba moyo wa kujitolea unatosha. Mwaka 1967 watu wazima wapatao theluthi mbili hawakujua kusoma. Kufikia mwaka 1986 takwimu za serikali zilisema waliobaki hawafiki mmoja kati ya kumi. Kisha posho za walimu wa kisomo zikakauka, vitabu vikaisha, magazeti ya vijijini yakafifia, na sensa ya mwaka 2012 ikakuta zaidi ya mtu mzima mmoja kati ya watano hajui kusoma. Wapo waliojua wakasahau kwa kukosa cha kusoma.

Kwa hiyo ninazitaka halmashauri za Ngara na Biharamulo ziweke fungu la elimu ya watu wazima linalotosha taa, vitabu na posho ya walimu, kisha litolewe kweli. Misikiti na makanisa yafungue kumbi zao siku za kazi. Wastaafu nao wasingoje kuitwa. Watano wakikubaliana siku na saa, mmoja akawa mwalimu, darasa limeshaanza.

Na wewe msomaji ambaye ungali kazini, kabla hujamuuliza mzee ataajiriwa wapi, jiulize kwanza ni kwa nini wewe ulipelekwa shule. Kama ni kwa ajili ya ajira peke yake, basi siku ile utakapokabidhi funguo za ofisi utakuwa umekabidhi na elimu yako. Mimi siamini kwamba wazazi wetu walitupeleka shule kwa nia hiyo.